Nyasi za Baba, Lori la Mama

Mimi ni Mfipa niliyepanda ukoka kwa makusudi. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Kwetu ukoka ni adui wa shamba. Unaung'oa, unaukung'uta udongo, unauanika juu ya jiwe mpaka ukauke kabisa, na mvua ya siku mbili ikinyesha unaukuta umeshika tena palepale ulipoangukia. Kusema uliupanda, ukaumwagilia maji, tena ukawaita ndugu waje kukusaidia, ni kama kusema unafuga panya ghalani. Lakini niliupanda, na kila nikikumbuka sababu, moyo wangu hujaa shukrani.

Tulikaa pembeni mwa mji wa Sumbawanga, upande ambao barabara ya kutoka Laela inaingilia. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ghala likiwa nyuma, na mbele palikuwa na uwanja wa nyasi kutoka barazani hadi langoni. Nyasi zile Baba alizilinda tangu alipojenga, kwa sababu ya upepo. Uwanda wetu hauna miti ya kuuzuia, na ukiacha udongo mtupu mbele ya nyumba, kiangazi utaula pamoja na ugali.

Miaka ile ndiyo biashara ya mahindi ilifunguliwa. Kabla ya hapo yalinunuliwa na shirika, nami nilikuwa karani wa shirika hilo. Nikapunguzwa kazi, nikarudi nyumbani na sanduku moja la nguo na maoni mengi. Mama hakupoteza muda kunionea huruma. Alisema kama shirika halinunui tena, lazima atapatikana mtu wa kununua, na haoni kwa nini mtu huyo asiwe yeye. Mwanamke aliyekuwa ameuza ulezi kwa debe maisha yake yote akaanza kupeleka maneno hadi Mwimbi kwamba analo ghala, na kabla ya mavuno kwisha malori yalikuwa yanaulizia nyumba yetu barabarani.

Mwaka huohuo Baba alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilala, mkono na mguu. Alipotoka hospitali, mganga aliyemfundisha mazoezi alituambia neno moja tu: mzee atembee kila siku, na atembee mahali ambapo akianguka hataumia. Barazani palikuwa na sakafu ya saruji. Alianguka hapo mara moja akapoteza jino, na tangu siku hiyo kila akiikanyaga mguu ulimtetemeka. Kwenye nyasi hakuogopa. Alianguka huko mara nyingi, akacheka, akajizungusha upande wenye nguvu, akashika fimbo, akainuka.

Alikuwa na safari yake. Ng'ambo ya barabara, juu kidogo ya kilima, aliishi dada yake mkubwa, shangazi yangu, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kwa uzee. Ukisimama langoni kwetu uliuona mlango wake. Tangu Baba augue, ndugu hawa wawili walikuwa hawajaonana, na mimi ndiye nilikuwa tarishi wao.

"Mwambie dada shikamoo," Baba alisema kila asubuhi.

"Mwambie marahaba," shangazi alijibu, "na mwambie aje."

Tulimwambia Baba tumbebe kwenye kiti. Akasema yeye si gunia, na kwa dada yake atakwenda kwa miguu yake. Tukamwambia shangazi tumbebe yeye. Akatuuliza tumeona wapi mkubwa akafuata shikamoo kwa mdogo wake. Ukaidi huo ni wa ukoo mzima, siwezi kuwalaumu, maana na mimi ninao wangu.

Basi Baba akawa anatembea nyasini. Kutoka barazani hadi kwenye mpera, kisha nusu ya njia ya langoni, kisha karibu na lango. Tulikuwa tumeanza kuona kwamba atafika.

Ndipo mvua zikaanza, na lori la tani saba likaingia kupakia. Lango letu lilikuwa moja na ghala lilikuwa nyuma, hivyo lilipita juu ya nyasi, likageuza, likakwama, likajichimbia, likatoka. Liliacha mifereji miwili ya tope ambayo ungeweza kumlaza mbuzi ndani yake. Asubuhi yake Baba alitoka kama kawaida. Fimbo ilizama, akaangukia mferejini kifudifudi, na kwa kuwa mkono mmoja haukufanya kazi, hakuweza kujigeuza. Mimi na Mama tulimkuta tope limemjaa kinywani. Safari hii hakucheka. Tulimwogesha, akalala akatazama ukutani, na kesho yake akasema hatoki. Baada ya siku chache mguu ule ulianza kukaza tena.

Hapo mimi, karani mstaafu kabla ya wakati, nikatangaza kwamba jambo hili nitalimaliza. Nikaagiza kokoto, tukajaza mifereji. Lori lilipopita mara mbili, nusu ya kokoto ilizama na nusu ikasukumwa pembeni, na Baba aliposhawishiwa kujaribu, mawe yalibingirika chini ya fimbo akarudi ndani. Nikajaribu matofali ya kuchoma, yale mabovu yanayobaki kwenye tanuri. Yalipendeza kwa siku mbili. Lori lilipoyakanyaga likiwa na mzigo yalipasuka, na mvua ikayageuza uji mwekundu.  Mama alikuwa anapita tu na kuguna, na mguno wake ulinikera kuliko tusi.

Nikaamua zege. Uwanja wote, kutoka langoni hadi ghalani. Nilimleta fundi mmoja mwashi, mtu mpole mwenye penseli sikioni, akaanza kupima kwa kamba. Baba alikuwa amekaa dirishani, Mama barazani anapepeta. Fundi akaeleza kwamba zege litabeba lori lolote litakalotoka Tunduma. Nikasema vizuri. Nilikuwa ninafikiria magurudumu tu, Mungu anisamehe.

"Mwageni," Baba alisema kutoka dirishani. "Nyumba ipate kula kwanza. Mimi nimeshatembea vya kutosha."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana maneno yale yaliniingia. Mama aliweka ungo chini.

"Fundi," alisema, "rudisha kamba yako mfukoni."

"Mama, bila lori tutakula nini?" nikamuuliza. "Na dawa zake zitatoka wapi?"

"Sijui. Lakini zege halimwagwi hapa."

Nilitoka nikiwa nimefura. Nilitembea mpaka nyuma ya soko, mahali ambapo mtu alikuwa ameanza kujenga nyumba akaishia kwenye kuta. Pembeni ya jengo lile palikuwa na matofali ya matundu yaliyoachwa, yale ya saruji yanayowekwa juu ya dirisha ili kupitisha hewa, yamelala ardhini. Wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, Wasukuma, walipitisha ng'ombe wao hapo kila siku ya mnada, na ardhi yote ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu na tupu. Lakini ndani ya matundu ya yale matofali ukoka ulikuwa umeota, kijani, hadi usawa wa saruji. Nikasimama kutazama ng'ombe wakipita. Kwato zilikanyaga saruji, nyasi zikainama mle ndani, kwato zikaondoka, nyasi zikabaki na mizizi yao.

Nikapiga magoti, nikaingiza kidole kwenye tundu. Mwenye ng'ombe akasimama.

"Dada, umepoteza kitu?"

"Hapana," nikamwambia, "nimeokota."

Akanitazama kwa wasiwasi, akawaharakisha ng'ombe wake.

Fundi, nilipomwonyesha, alitikisa kichwa. Matofali yale ni ya kupitisha hewa, akasema, lori likiyakanyaga yatakuwa unga. Kisha akachukua penseli sikioni, na nilipoona hivyo nilijua ameingia mtegoni. Aliniuliza tuna mikebe mitupu mingapi. Alichonga kalibu ya mbao, akamimina zege zito, unene wa shubiri nzima, na katikati akasimamisha mikebe ya maziwa ili saruji ikishika aichomoe na kuacha matundu. Hakutaka kufunika uwanja wote. Alitaka njia mbili tu za magurudumu na mahali pa kugeuzia karibu na ghala. Kwingine kote nyasi zibaki kama zilivyo. Chini alishindilia mawe na kokoto yangu ile iliyoshindwa, na kila tofali alilisawazisha na ardhi ili fimbo isikwae ukingoni.

Fimbo ilikuwa shida nyingine. Baba, aliyesema hatoki, alikuwa ametoka siku ya pili ya kazi kuja kukaa barazani, kwa madai kwamba ndani kuna moshi.

"Fundi, tundu hilo litameza fimbo yangu," alisema.

"Halitameza, Mzee."

"Litameza. Njoo ujaribu."

Ilimezwa. Fundi akakata kipande cha tairi, akakipigilia kwenye ncha ya fimbo, kipana kiasi cha kuziba tundu. Baba aliigongagonga barazani, akaomba kipunguzwe upande mmoja, akaomba tena, mpaka fundi akacheka. Tangu aanguke mferejini sikuwa nimemsikia akitaka kitu kiwe kizuri zaidi.

Ikabaki kujaza matundu. Mama aliwaita wanawake wa ukoo na wa jumuiya yetu ya kanisani, akapika togwa ya ulezi, na tukapanga kukata nyasi pamoja na udongo wake kule bondeni tuzibebe kwa karai. Waliposikia ni ukoka wanakuja kupanda, mmoja aliuliza kama karani amerudi na akili zake zote. Walicheka njia nzima. Niliwaeleza: udongo chini, vipande vya nyasi juu, mkandamize kwa kisigino. Kisha nikaenda mjini kuchukua dawa za Baba, nikiwa na imani kwamba kazi iko mikononi mwa watu waliolima tangu wazaliwe.

Nilirudi alasiri. Kila tundu lilikuwa limejaa, limekandamizwa vizuri, safi, jeusi. Hapakuwa na jani hata moja.

"Nyasi ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko ndani," akajibu mmoja.

Nikachimba kwa kidole. Zilikuwa ndani kweli, zimelala kifudifudi, mizizi juu. Anayeujua ukulima wetu amekwisha kuelewa. Mvua zinapokaribia kwisha, Mfipa hukata nyasi na udongo wake, akazigeuza, akazirundika tuta la duara tunaloliita ntumba, ili zioze ndani na kulisha mazao ya msimu unaofuata. Hivyo ndivyo wanawake wale walivyofundishwa na mama zao. Kipande cha nyasi kikiwa mkononi kinageuzwa chini, hakuna njia nyingine. Walianza kupiga hadithi, na kilichobaki kikafanyika chenyewe. Na msimamizi wao alikuwa Mama.

Mama aliitazama mikono yake. "Ilikwenda yenyewe," alisema.

Nilipiga kelele. Nilisema mbele ya watu wazima, wageni waliotoka kwenye mashamba yao kuja kutusaidia, kwamba Baba akifa bila kuvuka barabara ile watakuwa wamemzika wao mle kwenye matundu.  Waliokuwa wanakunywa togwa waliweka vikombe chini. Mpaka leo maneno yale nikiyakumbuka nikiwa peke yangu njiani, nasema "aa" kwa sauti kama mtu aliyejikwaa.

Mama hakunikemea. Alinawa mikono, akasema taratibu, "Ukoka huu nimepigana nao miaka arobaini. Sijawahi kuushinda hata mara moja. Leo ndiyo nimeuweza?"

Akawaambia wenzake wamalize togwa yao. Nami nikainama mbele yao mmoja mmoja nikaomba radhi, na walinipokea, wakanicheka tena. Ukarimu huo sikuustahili.

Ikawa ni kungoja. Lori lisingeweza kupita mpaka udongo ushike, na mahindi hayakuweza kungoja. Mama alimwendea dereva aliyezoea kupakia kwetu, mtu wa mbali, mwenye haraka na ulimi mkali, akamwomba asimamishe barabarani. Ilimaanisha wapakiaji wake wabebe kila gunia mgongoni kutoka ghalani, kandokando ya uzio, mpaka nje, kwenye utelezi. Alilalamika sana. Aliuliza nyasi ni mboga gani. Kisha akamwona Baba amekaa barazani na fimbo yake mpya, akamsalimia shikamoo, wakazungumza kidogo. Aliporudi alikuwa amevua koti. Alibeba magunia pamoja na vijana wake siku hiyo, na kila aliporudi kupakia alisimama barabarani bila kuambiwa. Sijui yuko wapi sasa. Popote alipo, namshukuru.

Kila asubuhi Baba aliuliza, "Zimetoka?"

"Bado," nilijibu.

"Mwambie dada shikamoo."

Nilimkanda mguu, nao ulikuwa mgumu kama mpini. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Niliacha kutazama matundu kwa sababu yalinifanya nimchukie mama yangu, na sikutaka. Yeye aliendelea kuyanyunyizia maji ya samadi siku mvua ilipokosa.

Asubuhi moja nilimkuta amemshika Baba kiunoni, wamesimama ukingoni mwa baraza wakiinama. Nikadhani anaanguka, nikakimbia. Hawakunitazama. Kwenye tundu la karibu palikuwa na ncha moja ya kijani, nyembamba kama sindano. Kwenye tundu la pili palikuwa na tatu. Tukaenda tukihesabu hadi langoni mimi na Mama, tukakuta karibu kila tundu lina kitu. Kabla ya mwezi kwisha zilikuwa zimefunika saruji, nene kuliko zile za mwanzo, maana zile zilizogeuzwa chini zilikuwa zimeoza na kuzilisha zilizopanda. Wanawake walipopita kwenda kanisani walisimama langoni kutazama, na yule aliyeuliza kuhusu akili zangu akaniuliza kama bado nimekasirika. Kumbe ningepewa nilichoagiza, nisingepata zuri kama lile.

Lori lilipoingia kwa mara ya kwanza nililala kifudifudi uani, mtu mzima mimi, nikitazama magurudumu. Saruji ilibeba. Nyasi zililala, na jioni zilikuwa zimesimama. Asubuhi yake Baba alishuka barazani. Alifika hatua nne, akaanguka nyasini, katikati ya njia mbili. Alijizungusha upande wenye nguvu, akatafuta fimbo, akacheka. Mimi nililia mpaka nikaingia ndani.

Ilimchukua msimu mzima kurudi alipokuwa, kwa sababu mguu ulikuwa umesahau. Mpaka kwenye mpera. Mpaka nusu ya njia. Mpaka langoni, akashika nguzo, akatazama mlango wa dada yake, akarudi. Mvua zikaisha, upepo wa baridi ukaanza. Jumapili moja baada ya misa alimwomba Mama koti lake na kofia. Lori lilikuwa ghalani linapakia. Wapakiaji walitua magunia, wakajitokeza pembeni mwa nyumba kumtazama. Alivuka njia ya kwanza ya magurudumu, akavuka ya pili, akatoka langoni. Mimi nilifuata nyuma, mikono nimeifunga kwa nguvu ili isimshike. Tulingoja barabara iwe tupu. Kilima kile, ambacho mimi nakipanda nikiwa natafuna muwa, alikipanda kwa muda ambao maharage yangeiva.

Shangazi alikuwa mlangoni, amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa amemwona tangu langoni na hakuita mtu. Baba alivua kofia. Alikuwa anatoka jasho katika baridi ile, na mguu wa kushoto ulikuwa unatikisika.

"Shikamoo, dada."

Shangazi alimtazama kuanzia miguuni, taratibu, mpaka usoni.

"Marahaba," alisema. Kisha machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. "Na zile shikamoo zote ulizokuwa unamtuma huyu mtoto aniletee, sikuzipokea. Kaa hapa, anza upya."

Baba akashuka polepole mkekani, akanyoosha mguu, akaanza upya.